Njia Aliyoipita Mdogo Wangu

Mwaka wa kwanza tulimwacha mama njiani. Naanza na hilo kwa sababu yote niliyojifunza baadaye yalitoka hapo.

Ilikuwa Jumapili, 15 Januari 2017, mwaka mmoja kamili tangu mdogo wangu, askari wa jeshi la Kenya, auawe kambini El Adde, Somalia. Mimi dada yake nilikuwa nimeandaa matembezi makubwa ya kumkumbuka: fulana mia moja zenye picha yake, gari la vipaza sauti, katoni za maji, na njia ya kilomita kumi kutoka uwanja wa Makadara, Mombasa, kupita Barabara ya Moi chini ya yale mapembe ya ndovu, kuzunguka Mama Ngina na kurudi. Vijana walitangulia kama wanaoshindana. Mheshimiwa mmoja alikuja, akapigwa picha, akaondoka kabla ya saa mbili. Mimi nilikuwa mbele kabisa, kipaza sauti mkononi. Saa tatu jua la kaskazi limeshawaka, nikageuka kumtafuta mama, simwoni.

Tulimkuta kwa muuza kahawa, ameketi kwenye kibao, leso imemteremka mabegani, goti limevimba. Hakulalamika. Aliniuliza neno moja tu: "Hii njia, mwanangu, yeye aliipita lini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeichagua kwa sababu ni pana, inaonekana, na waandishi wa habari wangeifikia kwa urahisi. Nilimpandisha mama kwenye tuktuk, tukarudi nyumbani Mtongwe, upande wa Likoni, na fulana zilizobaki nikaziweka chini ya kitanda. Nilikaa na lile swali karibu mwaka mzima.

El Adde iko katika jimbo la Gedo, kusini-magharibi mwa Somalia. Alfajiri ya Ijumaa, 15 Januari 2016, Al-Shabaab waliivamia kambi ile, wakianza na gari lililojazwa mabomu. Kambi ilikuwa chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, na waliokuwa ndani ni askari wetu wa Kenya, wengi wao wa 9 Kenya Rifles ya Eldoret. Idadi kamili ya waliokufa serikali yetu haikuitangaza. Aliyekuwa rais wa Somalia wakati ule, Hassan Sheikh Mohamud, alisema katika mahojiano ya televisheni kwamba ilikaribia mia mbili. Kwetu sisi aliyekufa alikuwa mmoja. Jina lake sitaliandika hapa. Mama ameniruhusu nisimulie, ila jina ameomba libaki midomoni mwa wanaomjua, kwa ajili ya mwanawe aliye shuleni.

Habari tulizisikia redioni baada ya sala ya Ijumaa. Nikapiga simu. "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Nilipiga mpaka Jumatatu, na kila nikiiweka simu mama aliniambia piga tena, pengine ilikuwa haina chaji. Tarehe 27 Januari ilifanywa ibada ya kumbukumbu katika kambi ya Moi, Eldoret, na marais watatu walihudhuria, wa Kenya, wa Nigeria na wa Somalia. Mama aliitazama kwenye televisheni ya jirani. Hatukuwa na maiti, wala hatukuwa na hakika. Matanga hayawezi kuwekwa kwa dhana, na wageni walikuja wakakaa barazani wasijue watupe pole au watutie moyo.

Sisi Waislamu maiti hatumkawizi. Anayekufa usiku huzikwa adhuhuri, na wengi hapa Likoni hawajui kungoja zaidi ya siku. Sisi tulingoja wiki kadhaa. Mama alipitishwa kijiti cha pamba ndani ya shavu, kwa vipimo vya DNA, na akawa anaugusa upande ule wa uso kila akikumbuka. Jeneza lilipofika lilikuwa na bendera juu, na halikufunguliwa. Tulimsalia. Parapanda ikalia, risasi zikapigwa hewani, watoto wa mtaa wakaziba masikio. Wifi yangu aliingia eda ya miezi minne na siku kumi akiwa na mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa akiuliza kwa nini baba kafungiwa sandukuni. Mama hakuuona uso wa mwanawe. Nasisitiza hilo kwa sababu asiyelijua hawezi kuelewa kwa nini njia ilikuwa na maana kubwa kwake kuliko kaburi.

Basi, njia yake ilikuwa ipi?

Mara ya mwisho alikuwa nyumbani kwa Idd ya kuchinja, Septemba 2015. Jumapili baada ya Idd, alasiri, alitoka Mtongwe kwa miguu kwenda feri, begi la kijani begani. Matatu zilikuwa zinapita, makanga wanamwita, hakupanda. Marehemu baba yetu alikuwa hamali bandarini na alitembea njia ile kila siku ili nauli ibaki ya unga, na mdogo wangu tangu utotoni alipenda kufuata nyayo hizo. Mama alimsindikiza mpaka geti la feri. Hapo akamwambia, "Mama, rudi sasa, jua litakuchwia njiani." Mama akarudi. Mimi nikavuka naye.

Ng'ambo tulipanda kilima cha feri, tukashika Barabara ya Nyerere mpaka Digo Road, akanunua mabuyu na achari za kuwapelekea wenzake kambini. Alisema watu wa bara wakionja mabuyu ya Mombasa hawaachi hata punje. Tukaingia Barabara ya Jomo Kenyatta, tukapita sanamu za askari bila kuzitazama, tukafika Mwembe Tayari zinapopakia basi. Wazee husimulia kwamba chini ya mwembe ule ndipo misafara ilipokusanyika, mizigo imefungwa, tayari kwa safari ya bara. Alipanda basi la usiku. Nikampungia mkono, nikarudi nyumbani. Mama hakuniuliza chochote usiku ule, maana hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na la kuuliza.

Jibu la swali la mama lilikuwa hilo. Nyumbani Mtongwe, feri, Nyerere, Digo Road, sanamu za askari, Mwembe Tayari. Simu yangu huihesabu kama kilomita nane.

Kabla ya kuanza upya nilienda kwa ami yangu, ndugu yake baba. Alinisikiza mpaka mwisho, akasema, "Matembezi ya kumkumbuka maiti ni mambo ya nani haya? Someni hitima, toeni sadaka, mwombeeni. Inatosha." Sikumkasirikia. Swali lake lilikuwa la haki, na anayetaka kuandaa jambo kama hili Mombasa asilikimbie, kwa sababu litaulizwa msikitini, litaulizwa sokoni, na bora liulizwe mapema. Tulienda pamoja kwa sheikh wa mtaa wetu. Akatuambia kutembea ni kutembea, tusikuite ibada wala tusikupangie thawabu. Dua tuombe, sadaka tutoe kwa nia ya marehemu, na ngoma na muziki tuviache. Ami akainuka, akasema basi atatusindikiza, lakini mpaka feri tu.

Kwa hiyo gari la vipaza sauti likaondoka. Fulana pia. Pesa ambazo zingeenda kwa mpiga chapa tulinunulia tangi la maji la madrasa aliyosoma akiwa mdogo, liwe sadaka yenye kuendelea. Kila nikipita pale na kuona watoto wanatawadha kwa bomba lile, najua nimefanya jambo moja lisilohitaji kuelezwa.

Upande wa sheria nilikosea mara moja, na nalisema ili mwingine asihangaike. Sheria ya utulivu wa umma inataka OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi cha eneo, apewe taarifa siku zisizopungua tatu na zisizozidi kumi na nne kabla ya siku yenyewe, na msafara uwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mimi nilipeleka barua mwezi mzima kabla, nikidhani nawahi. Nikarudishwa. Siku hizi naiandika barua mapema, naiweka mkobani, naipeleka siku kumi kabla. Ndani yake naandika njia yote kwa majina ya barabara, saa ya kuondoka, makadirio ya idadi ya watu, na nambari yangu ya simu. Na kijana yeyote akija amevaa suruali ya kombati, namrudisha akabadilishe. Raia kuvaa mavazi ya jeshi ni kosa kisheria, na hata isingekuwa kosa, mavazi yale mdogo wangu aliyapata kwa jasho, hayawi pambo la mtu mwingine.

Tunatoka baada ya sala ya alfajiri, punde tu saa kumi na mbili ikigonga, kwa sababu Januari ikishafika saa tatu barabara inaunguza nyayo. Mbele anakwenda mama. Hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote. Hakuna anayempita, hata kijana mwenye haraka, hata ofisa akija. Mama akisimama kupumua, watu wote wanasimama. Mwanzoni vijana walipata shida. Miguu yao haikuzoea mwendo ule, na mikono hawakujua waiweke wapi. Baada ya nusu saa mwendo ukawaingia. Nikasikia wanaanza kusimuliana habari zake kwa sauti za chini. Mmoja alikumbuka alivyomfundisha kuogelea Mtongwe. Mwingine deni la viatu vya mpira alilolipa kwa pesa ya mshahara wa kwanza. Mwaka uliotangulia, kwa kasi ile na kelele zile, hakuna aliyesimulia hata neno, na mimi niliyeshika kipaza sauti nilikuwa nimesema mengi yasiyomhusu. "Shujaa wa taifa," nilisema, tena na tena. Hakuna aliyejua kwamba shujaa huyo alikuwa akiogopa paka.

Ami akifika geti la feri huwa anasimama, anainua mikono, anaomba dua fupi, kisha anageuka kurudi. Pale pale mama aliporudia 2015. Sidhani alipanga iwe hivyo, na sijawahi kumwuliza.

Kwenye feri wapita kwa miguu hawalipi, na asubuhi watu hubanana, hamali na mikokoteni yao, wauza samaki, walinzi wanaotoka zamu ya usiku, mama ntilie na sufuria zao. Tunabeba picha moja tu, na anayeibeba ni mwanawe. Mwaka ule wa pili, 2018, mtu mmoja aliuliza, "Nani huyo?" Mtoto akajibu, "Baba yangu." Nafasi ikapatikana, mama akapewa pa kuketi, na mwenye mkokoteni wa matangi ya maji akavua kofia yake akaishika kifuani mpaka tukatia nanga ng'ambo. Bibi mmoja akanishika mkono. Alikuwa wa Mtongwe kama sisi. Mumewe alikuwa kwenye feri ya Mtongwe iliyopinduka 29 Aprili 1994, ajali iliyochukua zaidi ya watu mia mbili na sabini. Akaniuliza kama anaweza kutembea nasi kidogo. Alitembea mpaka juu ya kilima, akasema "imetosha," akarudi kupanda feri ya kwenda nyumbani.

Ni yeye aliyenifungua macho. Mimi nilikuwa nikiyaona matembezi haya kama mali ya familia yetu. Mwaka uliofuata walianza kunipigia simu watu nisiowajua. Mama mmoja wa Changamwe, mwanawe aliuawa Kulbiyow, kambi nyingine ya Somalia iliyovamiwa 27 Januari 2017. Baba mmoja wa Kisauni, bintiye alikuwa polisi. Wote waliuliza kwa haya kama wanaweza kuja na picha zao. Nakiri nilisita. Niliona kama mdogo wangu atapunguziwa. Siku ya KDF, jeshi letu la Kenya, huadhimishwa kila Oktoba, nikajiambia, hiyo ndiyo ya wote, Januari hii ni yetu. Nikamweleza mama, naye akaendelea kupepeta mchele kana kwamba hakusikia. Baadaye akasema, "Wakija waambie walete na viti, wengine wana magoti kama mimi."

Wakaja. Picha ni moja bado, ile ya mdogo wangu, kwa kuwa njia ni yake. Majina ya wengine tunayataja kwenye sanamu.

Sanamu zile za askari ziko Barabara ya Jomo Kenyatta, na nimezipita tangu utotoni, tukienda mjini kununua sare za shule, bila kujua ni za nani. Ni kumbukumbu ya askari na wapagazi Waafrika waliopigana na kufa katika vita vya 1914 hadi 1918 hapa Afrika Mashariki. Wapagazi ndio waliobeba risasi, unga na majeruhi mwituni, kwa mamia ya maelfu, na wengi waliuawa na maradhi na njaa kuliko bunduki. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukakigeuza kuwa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Mitaa ina jina la kikosi. Watu wenyewe, wengi wao, hawana hata jiwe lenye jina. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliokufa katika vita ile hawakuandikwa majina yao popote, ilhali wenzao Wazungu kila mmoja alipewa lake.

Niliisoma ripoti ile kwenye simu, nikamweleza mama kwa ufupi. Alinyamaza sana. Kisha akauliza, "Na mama zao waliambiwa?"

Tangu hapo, tukifika pale, tunasimama kivulini, viti vinafunguliwa kwa wenye magoti, na kila mtu anamtaja aliyekuja kwa ajili yake, jina kamili, la kwake na la babake, kwa sauti ya kusikika na mpita njia. Hakuna hotuba. Mheshimiwa akitaka kuja anakaribishwa, na yeye pia ataje jina moja, kisha anyamaze. Wawili walikuja wakafanya hivyo hivyo, na nawaheshimu kwa hilo. Mwishoni mtu mmoja husema, "Na waliokuwa hapa kabla yenu," kwa ajili ya wapagazi. Sikumbuki nani aliyeanzisha. Wakristo wanaomba kwao, Waislamu tunasoma Fatiha, dakika chache, magari yanapita.

Januari 2021, wakati wa korona, tulikwenda wanne tu, na barakoa, tumepeana nafasi: mama, wifi, mtoto na mimi. Nilipendekeza tuahirishe. Mama alikuwa ameshavaa viatu.

Kisha Mwembe Tayari. Hapo hatufanyi chochote, na watu wapya huwa wanashangaa. Tunasimama kando ya basi zinazopakia, makanga wanaita "Nairobi, Nairobi, Nakuru, Eldoret," mabegi yanatupwa juu, wauza njugu wanapita. Tunangoja basi moja liondoke. Likishaondoka, matembezi yamekwisha, tunanunua mahamri na chai, tunapanda matatu kurudi feri.

Ule mwaka wa pili, 2018, mama alipofika pale kwa mara ya kwanza, alitazama huku na huku kama mtu aliyeletwa nyumba asiyoijua. Akanishika mkono. "Alikaa upande gani?"

"Wa kushoto, mama. Dirishani. Kiti cha nne au cha tano."

"Dirisha lilikuwa wazi?"

"Lilikuwa wazi. Alitoa mkono."

"Alisema nini?"

"Alisema nikuambie umwekee mabuyu, haya aliyonunua yataisha kabla ya Nairobi."

Sikuwa nimewahi kumwambia. Miaka miwili na zaidi, sikumwambia, kwa sababu maneno yenyewe yalikuwa madogo mno, na msiba ulipofika yakaonekana madogo zaidi, hayafai kuwekwa mbele ya bendera na parapanda. Mama alicheka, kisha akalia, kisha akanituma nikanunue mabuyu. Alikula punje moja, zilizobaki akazifunga kwenye pindo la leso.

Tangu mwaka ule anauliza kila Januari, maswali yale yale kwa mpangilio ule ule, na mimi namjibu vile vile. Upande gani. Dirisha lilikuwa wazi. Alisema nini. Mwaka jana goti lilikuwa bovu, tulimtoa kwenye tuktuk pale Digo Road akatembea kipande cha mwisho, mkono mmoja kwangu, mmoja kwa mjukuu wake, ambaye sasa amenipita kimo na anabeba lile begi la kijani. Basi la Eldoret lilikuwa limewasha injini. Mama akavuta pumzi, akauliza alikaa upande gani.

Nilifungua mdomo nijibu. Mtoto akanitangulia: "Wa kushoto, nyanya. Dirishani."